Sahani ya Pili

Kwa miaka sita kazi yangu ilikuwa kuomba msamaha. Kwenye kandarasi imeandikwa vizuri zaidi, eti uhusiano na wageni, lakini ukiniuliza mimi nitakuambia nililipwa kusema pole kwa Kiingereza tangu saa kumi na mbili asubuhi mpaka chakula cha jioni. Pole kwa maji ya chumvi. Pole kwa nyani aliyeingia chumbani akala dawa ya meno. Pole kwa joto.

Kambi iko upande wetu wa Makueni. Ukifika Mtito Andei unaacha malori na hoteli za nyama, unakata kona kwenye barabara ya vumbi, na ukifika mwisho wake unaona paa zetu za makuti na, ng'ambo ya waya, mbuga. Wageni huja wamelipia kila kitu huko kwao kabla hawajapanda ndege: kitanda, chakula, siku tatu za tembo kwetu, kisha siku saba za kulala mchangani Mombasa. Mtu aliyelipia kila kitu mapema huja na orodha kichwani. Kikikosekana kimoja, huja kwangu.

Mmoja alitaka pimbi wa mitini, wanaolia usiku kucha, wanyamazishwe. Mwingine aliniuliza ni nani anayehusika na vumbi, nikamwambia ni Mungu, nikaitwa ofisini. Mzee mmoja alilalamika kwamba kila akimwomba mhudumu kitu anajibiwa ndiyo, na kitu hakiji. Huyo nilimwelewa, ila sikuweza kumsaidia. Kwetu ukimwambia mgeni hapana ni kama umemfungia mlango, kwa hiyo ndiyo yetu ya kwanza ni salamu tu. Ndiyo ya kweli hufuata baadaye, ikiwa ipo. Nilijaribu kumweleza hivyo. Akaandika kwenye fomu kwamba mimi pia ni walewale.

Halafu kulikuwa na malalamiko ya redio. Magari yetu yana redio za mawasiliano, na madereva wa Kikamba wakishapeana redio hawaambiani habari za simba peke yake. Watasalimiana, wataulizana mvua imenyesha wapi, watachekeana timu zao za mpira. Wageni wakasema wamekuja kusikia ukimya, si kelele. Nikaona hilo wana haki nalo. Nikawaita madereva, nikaagiza kwamba gari likiwa na wageni redio ifungwe sauti. Meneja wetu, mtu wa kutoka upande wa Nyeri asiyesifu ovyo, alinisifu mbele ya wote. Nilifurahi sana siku hiyo. Shikilia hilo la redio.

Yule mama aliletwa na basi dogo pamoja na wageni wengine kumi, wote wawili wawili, yeye peke yake. Alikuwa wa miaka hamsini na kitu, mrefu, nywele za mvi zimekatwa fupi kama za mvulana wa shule. Kabla hata hajanywa juisi ya kukaribishwa alinikabidhi simu yake nikaifungie kwenye sefu ya ofisi.

“Nimekuja kunyamaza,” aliniambia. “Mama yangu amenifukuza nije. Nimemuuguza miaka mitatu, na amesema amechoka kuuona uso wangu. Amesema niende nikamwonee tembo.”

Nilicheka. Mama yangu mwenyewe, aliyezaliwa na kuzeekea Mbooni, juu ya Kikima kwenye baridi na viazi, hajawahi kumwona tembo, na mtoto wake anafanya kazi ua kwa ua nao. Kila nikienda nyumbani huniuliza, “Hao ng'ombe wenu wakubwa hawajambo?” Kila mara nilimwahidi nitamleta. Nilimwambia mgeni hivyo, naye akacheka, na kuanzia hapo tukawa tunasalimiana kwa mama zetu.

Alikuwa na daftari dogo lenye kava la kijani. Kila alichokiona alikiandika humo: tembo wangapi, yupi alikuwa na pembe moja, mtoto gani aliteleza matopeni. Alisema atamsomea mama yake ukurasa kwa ukurasa, kwa sababu mama yake haamini picha. Hakulalamikia kitu chochote kwa siku mbili nzima. Kwenye kazi yangu mgeni wa namna hiyo unamwombea maisha marefu.

Siku ya tatu, saa tano na nusu asubuhi, simu ya ofisi ililia. Mwanamume, sauti ya mbali, Kiingereza chake cha haraka. Alijitambulisha kuwa ndugu wa yule mama. Alisema amekuwa akiipiga simu ya dada yake tangu alfajiri, imezimwa, ndiyo akatafuta namba yetu kwenye karatasi za safari.

“Mama yetu amezidiwa,” alisema. “Amelazwa hospitali. Tafadhali mwambie dada yangu apige simu haraka.”

“Poleni sana,” nilisema. “Poleni sana sana. Nitamwambia.”

Alinyamaza kidogo, kama mtu aliyetarajia nimuulize jambo. Sikuuliza. Akashukuru, akakata.

Sasa nataka uelewe nilichokisikia, kwa sababu hapo ndipo mambo yote yaliharibikia. Kwetu hakuna mtu anayepiga simu kusema fulani amekufa. Haifanyiki. Unaambiwa fulani anaumwa, fulani amezidiwa, njoo nyumbani. Na wewe unayeambiwa huulizi, kwa sababu ukiuliza umemlazimisha mwenzako kulitamka neno kwenye simu, na simu si mahali pake. Unakwenda, unalikuta huko likiwa limezungukwa na watu.

Baba yangu alipofariki nilikuwa chuoni. Kaka yangu alinipigia akasema, “Baba anaumwa kidogo. Njoo. Umekula?” Hilo la umekula lilitosha, kaka yangu hajawahi kujali nimekula nini maisha yake yote. Lakini moyo una ujanja wake. Njiani nilinunua machungwa sita ya kumpelekea mgonjwa. Nilifika nayo mkononi, nikaona viti vimetolewa nje na wazee wa kanisa wamekaa, na mama akanipokea ule mfuko wa machungwa bila kusema chochote. Sikumkasirikia kaka yangu. Hata leo namshukuru. Alinipa saa tatu za barabarani nikiwa bado na baba.

Kwa hiyo mtu aliponiambia mama amezidiwa, dada apige haraka, mimi nilisikia msiba. Nilifunga mlango wa ofisi nikamlilia kidogo yule bibi wa watu ambaye sikuwahi kumwona. Kisha nikafanya kila kitu sawasawa, vile nilivyofunzwa na watu walionipenda.

Kwanza nilikwenda jikoni kwa mpishi wetu, mama wa Kitui mwenye mikono kama ya mwanamume na moyo laini. Nilipomwambia alijifuta macho kwa aproni.

“Wacha kwanza akule,” alisema. “Mtu haambiwi mambo kama hiyo tumbo ikiwa tupu. Ataanguka.”

Kisha nikampigia simu dereva wetu mkubwa, ambaye ni mzee wa kanisa kule kwao Mukuyuni na amezika watu wengi. Alikuwa Mtito Andei na pikapu ya kambi, anazibiwa panchari.

“Usimwambie peke yako,” alisema. “Hiyo ni maneno ya watu wawili, na mmoja awe ameota mvi. Ningoje. Huyo mama amekufa, haendi mahali. Huyu ako hai ndio tunachunga sasa.”

Maneno hayo niliyaona ya hekima. Niliyaona ya hekima mpaka saa tisa.

Wageni walirudi kutoka mbugani wakakaa kula saa saba. Mpishi alikuwa ametengeneza muthokoi, yale mahindi yetu yaliyokobolewa, kwa sababu kuna wageni hupenda kusema wamekula chakula cha wenyeji. Yule mama alikipenda kweli. Alimaliza sahani akaisogeza kando. Mimi nikaichukua, nikaenda mwenyewe kuijaza, nikarudi nikaketi naye mezani, jambo ambalo kazi yangu hairuhusu.

“Kula,” nilimwambia. “Ongeza tu kidogo.”

“Unanilisha kama mama yangu,” alisema.

Akala. Akaniambia mama yake alikuwa fundi wa mapazia, kwamba hata sasa, vidole vikiwa vimepinda, bado anapenda kupapasa kitambaa cha kila mtu anayeingia chumbani. Kila aliposema “mama yangu anapenda,” mimi nilimsahihisha moyoni: alipenda. Nilimhurumia kwa kutojua kwake. Niliangalia ile sahani ikiisha na nikajiambia, angalau hii imeingia.

Saa nane gari la mchana lilikuwa linaondoka mapema, kwa sababu kwenye chemchemi ya viboko ni mbali. Yule mzee wa kanisa alikuwa bado hajafika. Nilisimama pale kwenye ngazi nikawaza nimzuie. Nimzuie kwa sababu gani? Nikimzuia ataniuliza, na akiniuliza itabidi nimwambie nikiwa peke yangu, amesimama juani, wenzake wakimtazama kupitia dirisha la gari. Nikasema, wacha aone viboko wake. Usiku wa leo hatalala, na mchana huu ni wa mwisho kwake kuwa na mama. Nikampungia mkono. Alinipungia kwa daftari.

Saa tisa simu ikalia tena.

“Kwa nini hajapiga?” aliuliza yule ndugu. “Hamkumwambia? Mama anamuuliza. Kila dakika kumi anauliza kama ameona tembo.”

Nilikaa chini. Sikumbuki kama kulikuwa na kiti.

“Mama anaongea?” nilisema.

“Anaongea, ndiyo! Nilikwambia amezidiwa. Madaktari wanasema huenda asifike jioni. Lakini sasa hivi ana akili zake zote. Dada yangu yuko wapi?”

Sikumjibu vizuri. Nilisema tunamtafuta, nikamwomba asiondoke kwenye simu, kisha mimi mwenyewe nikaikata. Nilikimbilia redio. Niliita gari lile, nikaita, nikaita. Nilibonyeza kile kitufe mpaka kidole kikauma. Kulikuwa na mlio wa shshsh tu. Nikaita gari la pili, lililokuwa upande mwingine wa mbuga. Kimya. Ndipo nilipokumbuka ni nani aliyewaamuru wafunge sauti.

Siku ile ndiyo nilijua mtu anaweza kupiga mayowe bila kufungua mdomo.

Pikapu iliingia uani wakati huohuo, na mzee wa kanisa akashuka polepole akiwa ameshavaa koti lake la mazishi, Biblia kwapani. Nilimkimbilia.

“Yuko hai!” nilimwambia. “Mama yake yuko hai. Anaongea. Rudi kwa gari!”

Aliniangalia kama mtu aliyeambiwa maji yanapanda mlima.

“Hai aje? Si ulisema amezidiwa?”

“Kwao kuzidiwa ni kuzidiwa, mzee. Ingia!”

Nilichukua simu ya ofisi, na simu yake kutoka kwenye sefu, na tukaondoka. Langoni mwa mbuga askari alitoka kibandani na kutaka tiketi. Hatukuwa nazo. Mzee alimweleza kwa Kikamba kwamba kuna mgeni ndani ambaye mama yake anakufa huko kwao. Askari akainama dirishani, akashusha sauti kwa heshima.

“Anakufa ama alikufa?”

“Yuko hai!” nilimfokea, na nikaona ameshtuka kusikia mtu akilijibu swali hilo. Alifungua.

Mwendo wa kutoka langoni hadi kwenye chemchemi ni zaidi ya saa moja ukienda kwa adabu. Mzee hakwenda kwa adabu. Mawe yaligonga chini ya gari, na ile tairi iliyozibwa nikawa naisikiliza kila mzunguko. Tembo walikuwa wamesimama barabarani, mama na watoto, wekundu kwa vumbi. Tukasimama. Huwezi kumpigia tembo honi. Nilikaa pale nikiwatazama wakivuka mmoja mmoja, bila haraka, wakubwa kisha wadogo, na kwa mara ya kwanza maishani niliwachukia. Niliwahesabu pia. Walikuwa tisa. Nilifikiri, ningekuwa nimemwambia saa tano na nusu, sasa hivi angekuwa anamsimulia mama yake hawa wa jana na wa juzi, ukurasa kwa ukurasa, na mama anacheka. Nilimwomba Mungu kwa maneno ambayo siwezi kuyarudia kanisani. Nilimwambia amzuie yule bibi. Nilimwambia anitoze mimi chochote anachotaka.

Tulifika saa kumi na dakika arobaini. Alikuwa amekaa peke yake kwenye jukwaa la mbao juu ya maji, anaandika. Njia nzima nilikuwa nimetafuta maneno ya kuanzia, lakini nilipofika mbele yake yote yalikwisha. Nilimwambia moja kwa moja, nikiwa nimesimama, watu wakitusikia, kama vile hakuna mtu yeyote kwetu aliyewahi kunifunza kitu.

“Ndugu yako amepiga simu. Mama yako amelazwa, amezidiwa sana. Anakuuliza.”

Alisimama. “Anaongea?”

“Saa tisa alikuwa anaongea.”

Hakupoteza hata neno moja. Alitembea mbele yetu kwenda kwenye gari, akaingia katikati yetu, daftari mapajani. Pale chemchemini hakuna mtandao. Madereva wote wanajua kilima kimoja cha mawe meusi, ya moto wa zamani uliotoka ardhini, ambapo simu hushika. Tulipanda huko. Nilipiga, ikakataa. Nikapiga, ikakataa. Nilipanda juu ya paa la pikapu na viatu vyangu vya ofisi, nikainua simu, nikapata vijiti viwili, ikaita. Nilimkabidhi kwa kuinama kutoka juu, naye akaipokea kwa mikono miwili.

Alisikiliza. Hakusema “mama.” Hakufika kwenye kusema. Alisema jina la ndugu yake, kisha akasikiliza tena, kisha akauliza, “Lini?” Akarudia jibu polepole, kwa hiyo na sisi tukalisikia. Robo saa iliyopita.

Alikaa juu ya jiwe. Mzee alivua kofia. Mimi nilishuka kwenye paa na sikujua mikono yangu niiweke wapi. Kwetu angekuwa ameshakumbatiwa na wanawake kumi, wawili wakimshika wakati wa kuanguka. Hakuanguka. Alikaa amenyooka, akitazama upande wa milima, na machozi yakitoka kama maji ya bomba lisilofungika vizuri, bila sauti.

Baada ya muda mrefu aliniuliza, “Alipiga mara ya kwanza saa ngapi?”

Mzee aliniambia kwa Kikamba, upesi, bila kugeuza uso, “Mwambie ni saa hii tu. Usimuongezee.”

Alinishauri kwa upendo. Na kazi yangu yote ilikuwa imenizoeza hivyo: punguza, lainisha, mpe mgeni kitu ambacho ataweza kukimeza. Nilifungua mdomo niseme saa tisa. Lakini alikuwa ananiangalia, na tulikuwa tumesalimiana kwa mama zetu siku tatu.

“Saa tano na nusu,” nilisema.

Nilimwona anahesabu.

“Kabla ya chakula.”

“Ndiyo.”

“Ulinijazia sahani.”

“Ndiyo.”

“Ulikaa pale ukaniangalia nikila. Ulijua.”

Nilimweleza. Nilieleza vibaya, kwa kulia na kurudia, kwamba kwetu mtu akisema mgonjwa amezidiwa maana yake ameshakwenda, kwamba nilidhani mama yake amekufa tayari, kwamba habari hiyo haitolewi na mtu mmoja, wala njiani, wala kwa mtu mwenye njaa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hilo nalo lilikuwa adhabu, vile alivyonisikiliza.

“Hata kama angekuwa amekufa,” aliuliza, “chakula kingenisaidia nini?”

“Ungepata nguvu ya kulia,” nilisema.

Alifikiri juu ya jambo hilo kwa dhati, nadhani. Kisha akatikisa kichwa na kuingia kwenye gari.

Aliondoka asubuhi iliyofuata kwa gari moja kwa moja hadi uwanja wa ndege. Mpishi wa Kitui alimfungia chapati na mayai, akatoka nazo hadi mlangoni, kisha akaona aibu akarudi nazo jikoni. Juu ya kitanda cha mgeni nilikuta fomu ya malalamiko. Ina mistari kumi na miwili. Alikuwa ametumia miwili.

“Nilikuwa na masaa matano ya kuzungumza na mama yangu. Yalikuwa yangu.”

Meneja alinitaka niandike jibu. Tulikuwa na majibu tayari kwenye kompyuta, ya chakula, ya vyumba, ya wanyama. Unabadilisha jina tu. Nilikaa mbele ya kile kioo siku mbili. Mwishowe niliandika kwamba anachosema ni kweli, yalikuwa yake, nami niliyachukua nikidhani ninampa. Meneja alisema barua hiyo inakubali makosa na haiwezi kutoka. Akaandika yake. Nami nikaandika yangu kwa mkono, nikaituma kwa posta. Sikupata jibu, na sikustahili.

Sikufukuzwa. Nilipewa barua ya onyo, na nikaambiwa nitunge sheria mpya na kuibandika ukutani juu ya simu. Niliitunga: ujumbe wowote wa mgeni ufikishwe kwa mgeni ndani ya dakika tano, kama ulivyo. Nilisisitiza hilo la kama ulivyo. Redio zikafunguliwa sauti, na wageni wakaanza tena kulalamika, nami nikawaambia pole.

Watu wa nyumbani niliwaeleza. Mama alisikiliza habari yote akiwa anachambua maharagwe, akasema, “Maskini. Na alikula akamaliza?” Nilimwambia alimaliza. Akasema basi ni vizuri, hata kama ni vibaya. Nilimkasirikia, nikatoka nje. Nilitaka mtu mmoja tu kwetu aone kwamba tulikuwa tumekosea, na nilitaka pia mtu mmoja aniambie hatukukosea. Mama alitaka kujua tembo wale tisa walivuka kwa mpangilio gani, na kwa hasira sikumwambia. Nilisema nitakuja kumchukua awaone mwenyewe, mwezi wa nane.

Mwezi wa nane haukuwa umefika. Ilikuwa asubuhi, saa nne, niko mezani kwangu chini ya ile karatasi ya sheria, na mgeni mmoja ananieleza kuhusu godoro. Simu yangu ikalia. Alikuwa kaka yangu.

“Mama ameamka vibaya kidogo,” alisema. “Itabidi ukuje.”

Niliinua macho kwenye ile karatasi.

“Umekula?” aliuliza.

Yule wa godoro alikuwa bado anaongea. Niliinua mkono, akanyamaza.

“Mwekee simu kwa sikio,” nilimwambia kaka yangu.

“Nini?”

“Mama. Mwekee simu kwa sikio.”

Angeweza kulisema wakati huo. Nilimpa nafasi, nilimngojea alitamke, nikasikia tu anavyopumua. Kisha nikasikia viatu vyake kwenye sakafu ya saruji, na mlango wa chumba cha mama, ule unaokwaruza chini, na nyuma yake sauti za wanawake wa kanisa wakiimba polepole kwa Kikamba. Watu hawaimbiwi hivyo saa nne asubuhi kwa kuamka vibaya. “Ngojeni kidogo,” kaka yangu aliwaambia, na wimbo ukakatika.

“Haya,” alisema, sauti yake ikiwa mbali. “Ongea.”

Nikaongea. Nilimwambia mama kuhusu tembo. Nilimwambia walikuwa tisa, wekundu kama udongo wa Mtito, kwamba wa kwanza alisimama katikati ya barabara akawangoja wengine wapite, na mdogo kabisa alishika mkia wa mama yake asipotee. Nilimwambia mmoja alikuwa na sikio lililotoboka, jua linapita. Nilimwambia kila kitu nilichomnyima. Sijui ilichukua muda gani. Kule hakuna aliyenikatiza, hakuna hata aliyekohoa, na yule mgeni wangu wa godoro alikuwa ameketi kwenye kiti, ameshika kofia yake.

Nilimaliza. Baada ya muda kaka yangu aliichukua simu.

“Amesikia,” alisema. “Sasa kula kitu, ndio ukuje.”

Nilimwambia nimekula.